Kwa Nini Nabii Haheshimiwi Kwao

  

Leo nazungumzia manabii, na jinsi sisi Wakristo tunavyoamini kwamba Mungu husema na watu kwa vinywa vyao. Kisiwani kwetu Unguja habari za manabii si ngeni. Mtoto wa chuoni anamjua Nabii Musa na Firauni, anamjua Nabii Yunus aliyemezwa na samaki, kabla hajaweza kujifunga kamba za viatu. Majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi hapa, wanaamini kuwa unabii ulikamilika kwa Mtume Muhammad na baada yake hakuna nabii. Mimi ni Mkristo, nitasema kwa upande wa imani yangu, wala sikuja kubishana na mtu. Nimekuja kwa sababu Wakristo tuna deni la kujieleza.

Deni lenyewe ni hili: siku hizi manabii wamekuwa wengi. Fungua simu yako asubuhi, utakuta sauti iliyorekodiwa imeshapitia makundi kumi kabla ya kukufikia wewe: “Mtu wa Mungu, usipite. Bwana amenionyesha nyota yako imefungwa, na aliyeifunga ni mtu wako wa karibu.” Chini ya sauti hiyo pana namba ya kutumia pesa. Pesa hiyo haiitwi malipo, inaitwa mbegu. Ukipanda ndogo utavuna kidogo. Ukivuka bahari ukafika Dar es Salaam, mabango ya barabarani yana sura za watu wenye suti nzuri, na juu ya kila jina pameandikwa Nabii, au Mtume, au vyote viwili kwa pamoja. Jirani Muislamu anaona haya, anauliza, tena kwa nia njema: hivi nyinyi, manabii wenu hawaishi? Na mtajuaje yupi ametumwa na yupi amejituma?

Nianze na tunachoamini. Waraka kwa Waebrania unafungua kwa kusema kuwa zamani Mungu alizungumza na mababu kwa njia ya manabii, mara nyingi na kwa namna nyingi, kisha akazungumza kwa njia ya Mwana. Hapo ndipo Mkristo anaposimama. Kwetu Yesu hakuleta ujumbe tu, yeye mwenyewe ndiye ujumbe, na hatokei mtu baada yake mwenye habari ya kumzidi. Katika hilo Wakatoliki wa Minara Miwili, Waanglikana wa Mkunazini na Wapentekoste hawagombani. Wanapopishana ni kuhusu karama ya unabii, yaani mtu wa leo kupewa neno la kuwaonya au kuwatia moyo wenzake. Makanisa ya zamani yanaikubali karama hiyo kwa uangalifu mwingi. Wapentekoste wanaitarajia kila ibada.

Ila wote wanasoma maagizo yale yale ya Paulo. Wakorintho aliwaandikia kuwa manabii waseme wawili au watatu, na waliobaki wapime. Wathesalonike aliwaambia wasiubeze unabii, lakini wauchuje. Kwa hiyo, msikilizaji, tangu siku za mwanzo kabisa za Kanisa, nabii hakuwahi kuwa na kinga. Anayesema amesikia kutoka kwa Mungu, na wanaomsikiliza nao wana Roho yule yule, na wana haki ya kumwambia: hapo bado, ngoja tupime.

Sasa, wanapima kwa kipimo gani? Wengi wetu tunadhani kipimo ni kimoja: alichotabiri kimetokea au hakikutokea? Kipimo hicho kimo katika Kumbukumbu la Torati, ni kweli. Lakini tazama kisa cha Yona, huyu niliyemtaja kwa jina la Yunus. Aliwatangazia watu wa Ninawi kuwa bado siku arobaini mji wao uangamie. Siku arobaini zikapita, mji ukabaki, kwa sababu watu walitubu kuanzia mfalme mpaka mtu wa chini. Utabiri haukutimia, na unabii ulifanya kazi yake yote. Tena Yona mwenyewe alinuna. Kwa hiyo nabii wa Biblia si mtu wa kusoma nyota. Anawaambia watu walipo sasa na njia waliyoshika inawapeleka wapi, ili wageuke kabla hawajafika.

Kipo kipimo kingine, na hicho ndicho ninachotaka tukae nacho leo. Ulizeni: neno hili linamchoma nani kwanza?

Mchukueni mtoto Samweli. Alikuwa akilala hekaluni, akalelewa na kuhani mzee Eli. Usiku akaitwa kwa jina, akadhani ni Eli, akamkimbilia. Hivyo mara tatu. Hadithi hii huwa tunaisimulia kwa watoto mpaka hapo, kwa sababu ni tamu. Tunaacha yanayofuata. Neno la kwanza alilopewa mtoto yule lilikuwa hukumu juu ya nyumba ya Eli, juu ya mtu yule yule aliyemlea, kwa kuwa wanawe makuhani walikuwa wakiwadhulumu waliokuja kutoa sadaka, na baba hakuwazuia. Asubuhi Samweli aliogopa kusema. Eli akamlazimisha, na alipoambiwa akakubali. Basi unabii wa kwanza wa Samweli haukuwahusu Wafilisti. Ulihusu nyumba aliyokuwa akilala.

Mchukueni Amosi, mtu wa Tekoa, karne ya 8 kabla ya Kristo, mchunga kondoo na mtunza mikuyu. Alikwenda Betheli, penye hekalu la mfalme, akaanza kuhubiri, na alianza kwa werevu. Akawashitaki Dameski. Watu, bila shaka, wakaitikia. Akawashitaki Gaza na Tiro, na kosa alilowatajia ni la kuwateka watu, jamii nzima nzima, na kuwauza kwa Edomu. Biashara ya utumwa, wasikilizaji, imetajwa kwa jina na mahali. Akaendelea na Edomu, Amoni, Moabu, hata Yuda, kwao mwenyewe. Kisha, wasikilizaji wake wakiwa wameshakolea, akawageukia Israeli: na nyinyi pia, mnamuuza maskini kwa bei ya jozi ya viatu. Kuhani Amazia akamwambia aondoke, arudi Yuda akale chakula chake huko. Yaani alimdhania ni mtu wa kutafuta riziki. Amosi akamjibu kuwa yeye si nabii wa kazi, ana kondoo wake na mikuyu yake.

Shikeni hiyo, kisha twende Mkunazini.

Ukitoka Darajani ukaingia Mkunazini unafika uani kwa Kanisa Kuu la Kristo. Kila mgeni wa Zanzibar huletwa hapo. Nje pana shimo lililojengewa, ndani yake zimesimama sanamu za watu watano wenye minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs, iliyowekwa mwaka 1998. Ndani ya kanisa, mbele ya altare, sakafuni pana duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu. Inasimuliwa kuwa hapo ndipo uliposimama mti waliofungwa watumwa na kuchapwa. Pembeni pana msalaba mdogo wa mti uliotoka Chitambo, Zambia ya leo, ulipozikwa moyo wa mmisionari David Livingstone. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Aliyelijenga ni Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA. Alifariki mwaka 1882 na kaburi lake lipo nyuma ya altare.

Mkristo akisimama pale hujisikia vizuri. Anasema: walikuwa wakiuza watu, tukaja sisi tukajenga nyumba ya Mungu. Hapo, ndugu zangu, ndipo Amosi anapotungoja. Kwa sababu huyo amesikiliza nusu ya kwanza tu ya hotuba, nusu ya Dameski na Gaza, akatoka kabla ya nusu ya pili.

Nusu ya pili ni hii. Pembe za ndovu zilizobebwa na wapagazi na watumwa kutoka Bara, zikapakiwa hapa Unguja, zilikwenda wapi? Nyingi zilikwenda Connecticut, Marekani, zikachongwa vibao vya piano za kupigia nyimbo za kanisani na za sebuleni. Kitambaa cha merikani kilichonunulia pembe hizo kilitoka kwa Wakristo wa Massachusetts. Kabla ya hapo, katika karne ya 18, Wafaransa walikuwa wakinunua watu Kilwa na Zanzibar kwa ajili ya mashamba ya Mauritius na Réunion, na walikuwa watu wenye ubatizo. Karafuu iliyochumwa na mikono ya watumwa ililiwa na dunia nzima. Tena mwaka 1873 uliofunga soko haukufunga utumwa. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria hapa Zanzibar mwaka 1897, Waingereza wakiwa wameshaishika nchi kwa miaka saba, na masuria wakaachwa wangoje mpaka 1909. Kwa hiyo miaka ishirini na zaidi watu walisali juu ya lile duara la marumaru, na nje ya mlango palikuwa na watu ambao kisheria walikuwa mali ya watu. Sisemi haya kumpunguzia Steere sifa yake. Nasema haya kwa sababu unabii unaotuacha tukijipongeza, sisi na wenzetu wa upande wetu, haujafika mwisho.

Je, kanisa hilo liliwahi kupata mtu wa nusu ya pili? Lilimpata. Anaitwa Frank Weston. Alifika Zanzibar mwaka 1898, akafundisha na kuongoza chuo cha Kiungani, na mwaka 1908 akawa Askofu wa Zanzibar mpaka alipofariki mwaka 1924. Mwaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ikielekea mwisho, Weston alitoa kijitabu cha kuwashitaki Wajerumani. Aliwaita Waafrika waliokuwa chini yao watumwa weusi wa Prussia. Uingereza ilikipenda kijitabu hicho. Ilikuwa ikitaka kuishika Tanganyika, na ushahidi wa aina hiyo uliifaa sana. Mpaka hapo Weston alikuwa bado yuko Dameski.

Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitoa waraka ukiwataka maofisa na machifu wawahimize watu kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Kila mtu alijua chifu akihimizwa na serikali, yeye atahimiza vipi. Maaskofu wa Mombasa na Uganda walilalamika, lakini wakafika mahali pa kusema kuwa kama kulazimisha lazima kuwepo, basi kuwekewe sheria na mipaka. Weston alikataa kabisa. Alisema kumlazimisha mtu kumfanyia kazi mtu mwingine kwa faida ya huyo mwingine ni dhambi, na dhambi haitakaswi kwa kuwekewa kanuni. Mwaka 1920 akatoa kijitabu kingine, na safari hii jina lake liliwaita Waafrika watwana wa Uingereza. Mfano ule ule aliowapigia Wajerumani, sasa aliwapigia watu wake. Mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ilielekeza kuwa maofisa wasishiriki tena kutafutia watu binafsi vibarua. Sauti zilizosababisha hilo zilikuwa nyingi, na yake ilikuwa mojawapo ya zilizokuwa kali.

Hakuishia hapo. Mwaka 1923, katika ukumbi wa Royal Albert jijini London, alisimama mbele ya Waanglikana wa mrengo wake mwenyewe, watu waliopigania ubani, mavazi ya ibada na kuheshimu Sakramenti, na yeye ndiye aliyekuwa kipenzi chao. Akawaambia kuwa hawawezi kumwabudu Yesu altareni huku wakimpita akiwa amevaa matambara katika vichochoro vya maskini. Samweli na nyumba ya Eli. Weston na watu wake.

Simfanyi malaika. Weston alikuwa mgumu, mwepesi wa kukata ushirika na wenziwe kwa hoja za mafundisho, na mambo mengine aliyoyaona makubwa sisi leo tunayaona madogo. Manabii wa Biblia nao hawakuwa watu rahisi kukaa nao. Ila ukimpima kwa kipimo chetu, neno lake lilianza kumgharimu yeye kabla ya kumgharimu mwingine.

Na gharama hiyo wengine wameilipa kwa damu. Majirani zetu wa Uganda wanamkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na uonevu. Tarehe 16 ya mwezi huo huo akauawa. Serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari.

Sasa turudi kwa manabii wa simu na mabango, tuwapime kwa kipimo hicho hicho. Neno lao linamchoma nani? Mara nyingi linamchoma shangazi yako, jirani yako, mke mwenza wa mama yako, aliyeifunga nyota yako. Wewe unayesikiliza huchomwi, unabembelezwa. Nabii hagharimiki, anapokea. Yeremia aliwahi kukutana na nabii wa namna hiyo, Hanania, aliyewaambia watu kuwa nira ya Babeli itavunjwa ndani ya miaka miwili. Watu walilipenda neno hilo. Yeremia mwenyewe alisema angetamani liwe kweli. Halikuwa.

Wakristo wa mwanzo waliuona ujanja huu mapema. Kuna maandiko ya kale yaitwayo Didake, maagizo ya Kanisa changa. Yanasema mtume mgeni apokewe vizuri, akae siku moja, ikihitajika mbili. Akikaa tatu, huyo ni nabii wa uongo. Msafiri wa kawaida akitaka kubaki na ana ufundi, afanye kazi ale. Na mtu akidai apewe fedha huku akisema ni Roho anayesema, wasimsikilize. Wazee wetu wa pwani hawakuisoma Didake, lakini walifika hapo hapo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Hata hivyo, kipimo cha fedha peke yake hakitoshi. Mnamkumbuka Babu wa Loliondo. Mwaka 2011 Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, wa Kanisa la Kilutheri, alisema Mungu alimwonyesha ndotoni dawa ya mti. Watu walimiminika kijijini Samunge, foleni ya magari ikawa ya kilomita nyingi. Kikombe kilikuwa shilingi 500, na mzee mwenyewe hakuishi kitajiri. Kwa upande wa tamaa, wengi hawakuwa na la kumwambia. Lakini wapo wagonjwa walioacha dawa za hospitali kwa ajili ya kikombe kile, na hapo ndipo agizo la Paulo lilipohitajika: wengine wapime. Mtu anaweza kuwa mkweli wa nafsi yake na bado akakosea alichosikia. Kupima si kumtukana.

Na pasipopimwa, mambo huwa makubwa. Februari 2020 mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika mkutano wa maombi, wakikimbilia mafuta ya upako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, Kenya, si mbali na pwani yetu, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wanaodaiwa kuambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Miongoni mwao walikuwa watoto. Kiongozi wao alikana mashitaka, na kuhukumu ni kazi ya mahakama. Kazi yetu sisi waumini ilikuwa ya mapema zaidi. Ilikuwa siku ile mtu wa kwanza aliposema Mungu ameniambia, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Basi, msikilizaji, ukiletewa neno la unabii, uliza mambo matatu. Linakubaliana na yale ambayo Yesu alishasema na kutenda? Aliyelileta anakubali kuulizwa, au akiulizwa anatishia laana? Na tatu, linaanza kumchoma nani? Kama kila siku linawachoma watu usiowapenda, tia shaka.

Ndiyo maana nabii haheshimiwi kwao. Yesu alipokwenda Nazareti alikolelewa, alisoma sinagogini maneno ya Isaya juu ya kufunguliwa kwa mateka, na watu wakamsifu. Alipoendelea, akawakumbusha kuwa zamani Mungu aliwahi kuwapita wao akamsaidia mjane wa Sidoni na mgonjwa wa Shamu, wakataka kumtupa gengeni. Sifa na hasira zilikuwa za ibada ile ile.

Nami nimalizie kwetu, kwa Wakristo wenzangu wa Unguja. Tunapita Mkunazini tukisikitika juu ya watumwa wa karne ya 19. Vizuri. Lakini nyumbani kwetu kuna binti aliyetoka Bara kuja kufua, kupika na kulea watoto. Analala saa ngapi? Mshahara wake wa mwezi uliopita ameupata? Jumapili anakwenda kanisani, au anabaki na jiko ili sisi twende? Mhubiri akilitaja hilo, wengi wetu tutanuna, na tutasema mahubiri ya leo hayakuwa na upako. Mimi nawaambia, siku hiyo ndiyo ya kusikiliza kwa makini, na ukirudi nyumbani umlipe binti wa watu haki yake.